Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: mwongozo wa miradi ya jamii uanze na wenyeji

Profesa, shikamoo.

Nakuandikia kuhusu mpango wa kumtaka kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza afanye mradi wa jamii kabla ya kuhitimu. Naunga mkono kwa moyo wote. Ombi langu ni kwamba mwongozo utakaotoka uanze na wenyeji, mwanafunzi afuate.

Nilipokuwa mwaka wa pili, kundi letu lilijenga sehemu ya kunawia mikono kwenye shule ya msingi: tangi, koki mbili, na majina yetu ubavuni kwa rangi ya mafuta. Tulipata A. Nilirudi baada ya miezi minane. Tangi kavu, koki moja imeng'oka, majina bado yanang'aa. Mwalimu wa zamu alinieleza kwa upole kwamba maji ya kujaza tangi yalikuwa yakibebwa na watoto wenyewe, kwa ndoo, kabla ya vipindi. Wakachoka, wakaacha. Hakuna aliyetuambia kwa sababu hatukuuliza. Andiko letu la mradi lilishapitishwa kabla hata mmoja wetu hajakanyaga pale.

Robert Sigmon, mwelimishaji wa Marekani, aliliona hili mwaka 1979 alipoeleza misingi ya kujifunza kwa kuhudumia jamii: wanaohudumiwa ndio waamue huduma gani itolewe, watoke hapo wakiwa na uwezo zaidi wa kujitegemea, na anayehudumia ajue kwamba naye ni mwanafunzi. Sisi tulishindwa kwenye msingi wa kwanza kabisa.

Nasikia mnafikiria kuhesabu saa. Nchini Meksiko mwanafunzi wa chuo kikuu hutakiwa kutoa huduma ya jamii isiyopungua saa 480, utaratibu wenye mizizi katika miaka ya 1930, wanafunzi wa udaktari walipoanza kupelekwa vijijini. Saa nyingi zina faida, maana mtu hukaa mahali akapazoea. Ila zikiwa ndiyo kipimo pekee, zitajazwa kwenye fomu, zitagongwa muhuri, na yatakuwa yameishia hapo.

Naomba andiko lisipokelewe kabla mwanafunzi hajakaa na wenyeji wiki nne akisikiliza tu, bila kuahidi kitu. Kurasa za kwanza ziwe za kwao: shida wanayoitaja wao, walichokwisha kujaribu, na kwa nini kilikwama. Hilo la mwisho msiliruke, kwa kuwa mara nyingi pale tunapokwenda pana mabaki ya mradi wa aliyetutangulia. Bajeti nayo itaje nani atanunua koki ikiharibika, na kwa fedha ipi.

Kisha mradi urithiwe. Kundi la mwaka huu likabidhi daftari kwa la mwakani, na sehemu ya maksi ibaki wazi mpaka miezi sita ipite na wenyeji waseme kinachofanya kazi na kilichokufa. Ofisi ya mitihani itasema matokeo yatachelewa. Basi mradi uanze mwaka wa pili, majibu yapatikane kabla mwanafunzi hajahitimu.

Niko tayari kuja mbele ya kamati inayoandaa mwongozo. Nikiitwa, naomba yule mwalimu wa zamu naye aitwe, na azungumze kabla yangu.

Wako mtiifu,
Mhitimu wa chuo chako