Picha kali zimo humo humo ndani mwetu

Mhariri, naomba nafasi kidogo maana hili limenikaa rohoni muda mrefu. Kila nikikutana na vijana wanaojifunza kupiga picha za sanaa wimbo ni ule ule, hapa hakuna cha kupiga, ngoja nipate kamera kali, ngoja nipate hela ya kusafiri. Mi sikubali hata kidogo.

Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizobaki mpaka leo, ya yule Mfaransa Nicéphore Niépce ya mwaka 1826 au 1827, inaonyesha nini? Mapaa na kuta alizokuwa anaziona dirishani kwake, basi. Halafu mchukue Imogen Cunningham wa Marekani, miaka ya 1920 ana watoto watatu wa kulea, kutoka toka ni shida, akageukia maua ya bustanini kwake na ua lake la magnolia la 1925 watu wanalishangaa hadi leo. Edward Weston naye 1930 alichukua pilipili hoho akaiweka ndani ya faneli ya bati, mwanga ukawa unaizunguka taratibu, yaani ukiitazama unaona mgongo wa mtu na misuli yake. Hoho jamani!

Ila anayenigusa kuliko wote ni mpiga picha Josef Sudek wa Prague, kule Ucheki. Mkono wa kulia aliupoteza kwenye Vita Kuu ya Kwanza, ilipokuja ya pili mji umekaliwa na Wajerumani na kuzurura na kamera mtaani ni hatari, basi 1940 akaanza kupiga picha za dirisha la studio yake na akaendelea mpaka 1954. Dirisha lile lile! Leo lina ukungu, kesho matone, siku nyingine barafu, na nje mti umejipinda, na bado huchoki kuzitazama kwa sababu kitu ni kile kile ila mwanga kila siku ni mwingine.

Kwa hiyo kijana mwenye simu tu anaweza kuanza leo. Chukua kiti au pazia, kipige asubuhi, kipige jioni, zima flashi kabisa, sogea karibu, ondoa makorokoro ya nyuma. Mwanga ukitokea pembeni unaleta kivuli na kivuli ndo kinachotoa umbo, ukitokea mbele moja kwa moja kila kitu kinalala bapa.

Ombi langu Mhariri, kwenye picha za wasomaji mtenge kona hata ndogo ya picha zilizopigwa ndani kwa mtu au hatua chache tu toka mlangoni, na mpigaji aandike mstari mmoja, ilikuwa saa ngapi na mwanga ulitokea upande gani. Wengi wanazo kwenye simu na wanazifuta wakidhani sio picha za kumwonyesha mtu.

Msomaji wenu