Harambee ya Chemchemi: Wenye Bustani Wametoa Ardhi, Sasa Ni Zamu Yetu

Mwangaluka, ndugu zetu mlioko Mwanza mjini, Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko. Bwana Yesu asifiwe, Asalaam aleikum. Tunaona haya kuwagongea tena wakati shukrani za paa la shule mlilotuezekea hazijaisha, lakini chemchemi haitusubiri.

Alfajiri watoto wanapanga foleni kwenye kishimo kimoja. Anayeteka anachota kwa kopo, polepole, asitibue tope. Ndoo ikijaa, anayefuata anakaa kungoja maji yajikusanye. Wanaochoka kungoja huteremka ziwani, wakaingia hadi magotini, na kichocho kiko huko huko.

Bustani za nyanya zimefika kwenye jicho la maji, ng'ombe wanapakanyaga, na mafunjo yamefyekwa hadi ufukweni. Mafunjo ndiyo yanayochuja tope na mbolea visiingie ziwani. Humo kambare huzaliana, kamongo hujifukia kiangazi, kwera husuka viota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka chanzo cha maji, na tungeweza kuita mgambo. Lakini bustani hizo zimesomesha watoto wetu, na anayefukuzwa mchana hurudi usiku.

Kwa hiyo tulikaa na wenye bustani. Wamekubali kurudi nyuma na eneo litengwe kama ngitili, yaani hifadhi ya majani na miti, utaratibu ule ule wa wazee wetu wa Kisukuma uliorudisha miti Shinyanga. Nasi tuliwaahidi pampu ya kuvuta maji ya ziwani kwenye mashamba mapya, birika la kunyweshea ng'ombe, uzio na miche ya asili. Wao wametimiza. Sisi bado, na baadhi yao wameanza kuuliza kama warudi kulima.

Zinahitajika shilingi milioni 9. Mkononi tuna milioni 2 na laki 3, nyingi zimetoka kwa akina mama waanika dagaa. Mama wa dagaa ametoa. Wewe uliyekuzwa na maji haya, leo unakunywa ya chupa, umetoa nini?

Mapato na matumizi yatasomwa kwenye mkutano wa hadhara, risiti zitabandikwa ofisi ya kijiji. Mchango au ahadi mpe mweka hazina, kanisani au msikitini, kabla ya mvua za vuli ili miche iwahi kushika. Asiye na fedha alete samadi, nguzo, au aje na jembe lake Jumamosi.