Risala ya kikundi cha familia zenye wagonjwa wa Parkinson kwa Mgeni Rasmi, tarehe 11 Aprili

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa viongozi wa serikali na wa dini, ndugu zetu waganga na wauguzi, wazee wetu wagonjwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua una majukumu mengi, ndiyo maana tulitangaziwa saa nne na umefika saa saba, nasi hatukunung'unika. Ila wazee watatu hapo mbele wamepitisha saa ya kumeza dawa na sasa wamekakamaa. Hawakusimama ulipoingia kwa sababu hiyo tu, adabu wanayo.

Mheshimiwa, kikundi chetu kilianza mwaka 2018 na akina mama sita waliofahamiana kwenye benchi la kusubiria dawa. Leo tuna kaya 41. Mafanikio ni makubwa. Tumefungua akaunti benki. Tumenunua viti 30 vya plastiki, na 26 kati ya hivyo bado ni vizima. Tumefanya ziara ya mafunzo hadi hospitali ya rufaa, siku tulipomsindikiza mwenzetu mwenye miadi. Na kubwa kuliko yote, tumeondoa mapanga na marungu chini ya vitanda vya wanachama wote. Hili la mapanga ndilo hasa tulilokuitia.

Mtu akisikia Parkinson, anafikiria mkono unaotetemeka. Hata James Parkinson mwenyewe, daktari wa Uingereza ambaye leo ni kumbukumbu ya kuzaliwa kwake, alipouandika ugonjwa huu mwaka 1817 aliutambulisha kwa kutetemeka. Habari ya usiku ilikuja kueleweka vizuri baadaye sana, kuanzia mwaka 1986, madaktari wa Minnesota, Marekani, walipoeleza habari za watu wanaotenda ndoto zao. Sisi tulikuwa tukiita kuweweseka, tukacheka, tukalala.

Wataalamu wametueleza hivi. Mtu anapoota, ubongo huulegeza mwili wote, ili hata ukiota unakimbia, miguu ibaki kitandani. Kwa wagonjwa wengi wa Parkinson breki hiyo haishiki. Akiota anapigana, anapigana kweli. Hutokea zaidi kuelekea alfajiri, na anayelala ubavuni ndiye anayepokea.

Tuna mzee mmoja hapa, ametupa ruhusa tuseme. Mchana hawezi kufunga kifungo cha shati, na akiongea lazima umsogezee sikio. Usiku mmoja aliota fisi kaingia zizini. Sauti yake ilisikika mpaka barabarani, na ngumi yake, ambayo usiku ule haikutetemeka hata kidogo, ilimng'oa mkewe jino. Alipoamshwa alisimulia habari za fisi mwanzo hadi mwisho. Kisha akaona damu kwenye mto. Asubuhi mwenyekiti wa mtaa alifika kusuluhisha ndoa, maana majirani walikuwa wamesikia kipigo. Mama yule alieleza mpaka akachoka. Nani angemwamini? Sasa analala chumba cha watoto, na ukoo unamuuliza amemkosea nini mumewe.

Wengine walipelekwa kwenye maombi, wengine kwa waganga wa kienyeji. Viongozi wetu wa dini mliopo mtuwie radhi, lakini jini limekemewa mara tatu kwenye nyumba moja na halijatoka, maana si jini.

Tunachoweza wenyewe tumefanya. Vitanda tumevishusha, wengine wanalala godoro chini, meza za pembe kali zimetolewa chumbani. Kinachotushinda ni dawa. Zipo zinazosaidia, kama melatonini, au klonazepamu kwa kipimo kidogo. Lakini hii ya pili inaweza kumlewesha mzee akaanguka akienda chooni, na kwa anayekoroma huku pumzi zikikatika inaweza kuwa hatari. Baadhi ya dawa za sonona nazo huamsha tatizo hilihili. Haya si mambo ya kumuuliza kijana wa duka la dawa, ingawa ndiye tunayemuuliza kila wiki, na hatumlaumu.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja. Tunaomba daktari wa mishipa ya fahamu afike katika hospitali yetu siku moja kwa mwezi, aulize habari za usiku na si za mkono peke yake, na levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huu, ipatikane dirishani bila kuambiwa tukanunue nje. Levodopa pamoja na kabidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, hatuombi anasa. Tena, kuweweseka huku kunaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi. Daktari anayeuliza mapema anaweza kumjua mgonjwa kabla mgonjwa hajajijua. Wenzetu wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, walifanyiwa utafiti, taarifa ikatoka mwaka 2008: katika wakazi takribani 161,000 walipatikana wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Huku kwetu hakuna aliyekuja kuhesabu.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alisimama hapo uliposimama wewe, akasema, kwa kauli yake, kwamba ndani ya siku 90 daktari atakuwa ameanza kuja. Tulipiga makofi na vigelegele. Siku ya 90 ilipita, tukaandika barua. Tukaandika nyingine, tukaambiwa faili liko mezani. Mwezi wa nane likaja gari, wazee wakatoka nje kulipokea, na ndani yake mlikuwa na fulana. Ndizo hizi tulizovaa leo, Mheshimiwa. Tunashukuru sana, ni za pamba nzuri. Mama wa jino huwa analalia ya kwake.

Kwa hiyo, kwa unyenyekevu mkubwa, leo hatuombi ahadi. Tunaomba tarehe. Katibu wetu ana kalamu na daftari, yuko tayari kuiandika kabla hujaondoka, na chakula hakitaandaliwa mpaka amalize kuandika.

Pamoja na risala hii tunakukabidhi nakala ya risala ya mwaka juzi. Ukurasa wa pili ni uleule.

Tunaomba kuwasilisha.