Kabla chama chenu hakijatoa pesa za "gesi ya jua"

Mhariri, naandika kutoka Maseno, hapa ikweta inapopita, jua tunalo la kutosha. Juzi kuna jamaa alikuja kwa chama chetu na makaratasi ya rangi akasema ana mashine ya kugeuza kaboni dayoksaidi kuwa gesi ya kupikia, unaiweka tu kwa jua, ndani kuna unga wenye "atomi moja moja", na jioni mtungi wa kilo 6 umejaa. Kila memba alete elfu tano. Mama mmoja mjane alishaanza kufungua leso. Mimi nafunza kemia na siku hiyo nilishindwa kumjibu haraka, kwa sababu sio uongo yote.

Hiyo sayansi iko kweli na mimi naipenda sana. Wajapani Fujishima na Honda walionyesha mwaka wa 1972 kwamba titanium dayoksaidi, ile inayotiwa kwa rangi nyeupe ya ukuta, ikipigwa na mwanga inaweza kutenganisha maji, na mwaka wa 1979 Fujishima, Honda na wenzao wakapata methanoli, aina ya alkoholi, na vitu vingine kutoka kwa kaboni dayoksaidi. Mwanga unarusha elektroni, inaacha tundu nyuma, shida ni kwamba elektroni hurudi kwa tundu haraka sana kabla haijafanya kazi, na kaboni dayoksaidi yenyewe ni ngumu kuvunja.

Sasa hiyo ya atomi moja moja. Fikiria omena. Ukiziacha kwa gunia, zile za katikati hazioni jua, lakini ukizianika kwa neti pale ufuoni kila moja inakauka. Metali inayotiwa kwa huo unga kusaidia kazi nayo ni vile, ikiwa donge, atomi za ndani hazigusi kitu, zikitawanywa kila moja inafanya kazi na unatumia metali kidogo sana. Jina hilo la "atomi moja moja" lilishika mwaka wa 2011 wakati Tao Zhang na wenzake kule China walitawanya platinamu hivyo juu ya oksaidi ya chuma, ingawa kazi yao haikuwa ya mwanga. Siku hizi watu wanajaribu shaba, kobalti, nikeli. Ubaya ni kwamba atomi hizo zikipata joto zinatembea zinarundikana tena, basi faida imeisha.

Lakini kipimo ndicho kitu jamaa hakusema. Kwa maabara wanahesabu mikromoli, kipimo kidogo sana cha gesi iliyotoka, kwa gramu ya unga kwa saa. Tuseme gramu moja ya unga imetoa mikromoli 100 za methani, gesi inayowaka, kwa saa, hiyo ni kama miligramu 1.6. Na gramu moja ya huo unga, kufikisha kilo 6 ni zaidi ya miaka 400 hata kama jua lingewaka usiku na mchana! Na mara nyingi kinachotoka kwa wingi sio methani hata, ni kaboni monoksaidi, ile ile ya jiko la makaa inayoua watu wakilala na madirisha yamefungwa. Hiyo unataka kuweka jikoni kwa watoto?

Nimewaambia memba wamuulize maswali mawili. Mikromoli ngapi kwa gramu kwa saa? Na je, walipima na kaboni 13, ile kaboni nzito kidogo kuliko ya kawaida? Kwa sababu unga ukiwa na uchafu wa kaboni, huo uchafu wenyewe unatoa gesi na mtu anadhani imetoka kwa hewa, hata watafiti wenyewe washawahi kudanganyika hivyo, ndiyo maana wanatumia kaboni dayoksaidi yenye kaboni 13 wafuatilie ilikoenda. Mtu anayejua hii kazi atajibu bila kukasirika.

Tafadhali Mhariri itoe kabla ya Jumapili, ndiyo siku amesema anarudi kuchukua pesa.

Mwalimu wa kemia,
Maseno