Salim, bado tuko na Taqizadeh

Swahiba wangu Salim,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeipata, na naona bado umemshikia bango Hassan Taqizadeh, yule mwanasiasa wa Iran. Mara mwoga, mara msaliti. Sasa nisikilize na mimi.

Huyu ni kijana wa Tabriz, mtoto wa shehe, aliyeingia Bunge la kwanza la Iran mwaka 1906 kabla hajatimiza miaka 30, kilemba kichwani. Juni 1908 mfalme, Mohammad Ali Shah, akawaamuru askari wake wa kikosi cha Wakosaki, chini ya Kanali Liakhov wa Urusi, walipige Bunge hilo kwa mizinga. Mhubiri Malek al-Motakallemin na mhariri Mirza Jahangir Khan, watetezi wa Bunge, walikamatwa, kesho yake wakanyongwa. Taqizadeh alikimbilia ubalozi wa Uingereza, akanusurika. Wewe huo unauita woga. Mimi sijui maiti ya tatu ingewafaa nini wenzake.

Yale aliyoyaandika Berlin mwaka 1920 kwenye jarida lake la Kaveh, kwamba Iran iwe ya Kizungu mwili na roho, siyatetei. Baadaye hata yeye aliilegeza kauli hiyo.

Lakini la mafuta, unapomwita msaliti, hatukubaliani. Mkataba wa zamani, uliompa Mwingereza D'Arcy haki ya mafuta ya Iran, ulikuwa uishe mwaka 1961. Reza Shah, mfalme wa wakati huo, aliufuta mwaka 1932 kwa mbwembwe, halafu mwaka uliofuata akarudi nyuma, ukaja mkataba mpya ulioisogeza tarehe ya mwisho hadi 1993. Aliyetia saini ni Taqizadeh, waziri wa fedha. Mwaka 1949 alisimama bungeni akasema yeye alikuwa chombo tu, na mwamuzi alikuwa mwingine. Ndiyo, alinyamaza miaka 16, na Reza Shah alikuwa amekwisha kufa. Hapo unanibana kweli. Ila maneno yale yaliwapa nguvu waliodai mkataba ule haukuwa halali, na mwaka 1951 mafuta yakataifishwa.

Tena umemsahau Teymourtash. Ndiye waziri wa kasri aliyejadiliana na Waingereza juu ya mafuta kwa miaka, mtu wa karibu kabisa na Shah. Siku Taqizadeh anashika kalamu, Aprili 1933, mwenzake huyo alikuwa tayari gerezani, na humo ndimo alimofia mwaka uleule. Ungekuwa wewe, Salim, kalamu ungeirudisha mezani?

Nijibu mapema, na usinijibu kwa matusi.

Wako,
Hamisi