Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha maigizo,

Mazoezi ya Jumamosi, usomaji wa hadhara na ziara ya Bagamoyo mnavijua, katibu ameshavieleza.

Fedha: mapato shilingi 1,860,000, matumizi 2,140,000. Pengo nimeliziba kwa mfuko wangu, stakabadhi anazo mhazini. Kati ya wanachama 38, waliomaliza ada ni 15. Mkutano wa Septemba ulivunjika kwa kukosa akidi, na baadhi ya wanaonilaumu leo sikuwaona siku ile.

Sasa nije kwenye lililojaza ukumbi. Nalaumiwa kwa kukataa kuondoa, katika onyesho letu, sehemu ya tano na ya mwisho ya Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, 1969. Mnasema kesi ya Shylock, mkopeshaji anayemdai Antonio ratili ya nyama ya mwili wake, ikishaamuliwa naye akitoka mahakamani, mchezo umekwisha, iliyobaki ni porojo za pete. Kweli, tulipitiliza muda, tukatozwa nyongeza, na watazamaji wengine wakakosa daladala.

Lakini ule ni mchezo wa ndoa, jamani. Bassanio, rafiki ambaye Antonio alimkopea fedha zile, amechagua kasha la madini ya risasi, ndilo la kumpata Portia, naye Portia kamvisha pete, na Bassanio kaapa kwamba pete ikitoka kidoleni na uhai umetoka. Habari kwamba Antonio ameshindwa kulipa zinapofika, Portia anataka kwanza waende kanisani aitwe mke, ndipo mume aondoke na fedha za kumkomboa rafiki. Huyohuyo Bassanio, mbele ya mkewe aliyejigeuza mwanasheria, anasema yuko radhi kumtoa mke ili Antonio apone! Muda si muda pete nayo kampa mwanasheria yuleyule, asijue ni mkewe. Tufunge pazia hapo, mwenye madai hajasikilizwa? Sehemu ya tano ndiyo kesi ya pili, na hakimu ni mke. Antonio, aliyeweka mwili rehani kwa fedha za rafiki, safari hii anaweka roho kumdhamini Bassanio kwamba hatavunja tena kiapo, na pete inapitia mkononi mwake kumrudia Bassanio. Mlinzi wa ukumbi alikuwa ameshaanza kubebanisha viti vya nyuma. Pete ilipotolewa alikishusha kimoja, akakaa. Mimi nilimwona, nyie mliokuwa mlangoni mkitazama saa hamkumwona.

Uamuzi ule niliufanya mimi, na ningeombwa tena ningeufanya.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kupata ukumbi wa bei nafuu, na pengine wafadhili. Mhazini amekaa mlangoni na kitabu cha risiti. Ada zipokelewe kabla ya chai.

Mwenyekiti