Injini ya boti ikichemka, msikimbilie kung'oa themostati

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na wenye boti, manahodha na mafundi wenzetu juu ya kosa moja linaloua injini za dizeli huku pwani. Boti ina miaka mingi, injini inaanza kuchemka, fundi anaitwa, na spana ya kwanza inakwenda kwenye themostati. Inang'olewa, inatupwa, boti inarudi baharini. Mshale wa joto ukitulia siku mbili tatu, kila mtu anaamini ugonjwa umepona.

Haujapona. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango hufungwa ili injini ipate moto haraka. Joto likifika nyuzi 71 au 82 hivi, kutegemea aina ya injini, hufunguka na maji yakapita kwenye kipozeo. Katika injini nyingi, inapofunguka huziba pia njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja ndani ya injini. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupozwa. Ndiyo maana boti isiyo na themostati inaweza kuchemka zaidi inapobeba mzigo, na inapokwenda taratibu ikawa baridi mno: dizeli haiungui yote, masizi yanajaa, oili inachafuka, silinda zinalika.

Anayeishuku aipime. Funga themostati kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa sehemu ya chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Joto lake huwa limechongwa kwenye themostati yenyewe. Ikianza kufunguka karibu na namba hiyo na kuachia wazi kabisa, irudishe na gasketi mpya. Isipofunguka, nunua nyingine ya namba hiyohiyo. Kazi hii haizidi nusu saa.

Sasa ugonjwa wenyewe uko wapi? Injini hizi za ndani ya chombo zina maji ya aina mbili: maji baridi yasiyo na chumvi yanayozunguka ndani ya injini, na maji ya bahari yanayovutwa kutoka chini ya chombo, yakapita kwenye vibomba vya kipozeo kuchukua joto, kisha yakatolewa pamoja na moshi wa eksozi. Boti ikiwa ya zamani, mara nyingi lawama iko upande wa bahari. Yafuateni maji kuanzia yanapoingia hadi yanapotoka, bila kuruka kituo.

Kabla ya kufungua chochote, muulizeni nahodha injini huchemka wakati gani. Ikichemka dakika chache tu baada ya kuwashwa, na eksozi inatoa mvuke bila maji, basi maji ya bahari hayaingii kabisa: valvu imefungwa, mfuko wa plastiki umeziba tundu, au impela (gurudumu la raba lenye majani linalosukuma maji ndani ya pampu) imekufa. Ikienda vizuri taratibu lakini ikachemka ukiongeza mafuta, maji yanapita ila hayatoshi. Na ikiwa maji ya ndani yanapungua kila safari, tafuteni yanakopotelea kabla ya kuongeza mengine.

Njia ya kuvuta maji ina kipimo kimoja rahisi ambacho wengi hawakitumii. Funga valvu ya mkukuni (inayoingiza maji ya bahari chini ya chombo), chomoa mpira unaokwenda kwenye pampu, uingize kwenye pipa la maji ndani ya boti, na mtu awe anaongeza maji kwa ndoo. Washa injini. Eksozi ikitoa maji mengi kuliko kawaida, pampu ni nzima na tatizo liko kati ya tundu la nje na chujio. Hapo safisha chujio, kagua raba ya kifuniko chake (ikikauka huingiza hewa, na utaona mapovu kwenye kioo), kisha minya mpira wote kwa mkono. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku utando wa ndani umebanduka. Pampu ikivuta kwa nguvu, utando unajikunja na kuziba njia. Hilo ndilo linalowachanganya mafundi, kwa sababu injini ikizimwa mpira hurudi wazi na hakuna kinachoonekana.

Impela ifunguliwe hata kama maji yanatoka. Kunja kila jani kwa kidole: likionyesha ufa kwenye shina, au likibaki limelala upande mmoja, badilisha. Jani likiwa limekatika, msifunge pampu mpaka kipande kipatikane. Kimekwenda mbele na maji, na mara nyingi kimekwama kwenye mdomo wa kipozeo au kwenye kona ya mpira. Hesabuni vipande kama mnavyohesabu meno ya gia. Angalieni pia kifuniko cha pampu: kikiwa na mifereji iliyochimbwa na mchanga, impela mpya haitavuta kama inavyopaswa. Wakati wa kuifunga, ipakwe sabuni ya maji au glisarini. Grisi ya kawaida huvimbisha raba. Impela haivumilii kukaukiwa. Injini ikizunguka bila maji hata kwa dakika moja, majani huungua, kwa hiyo anayewasha kwa majaribio ufukweni bila maji ameshaiharibu.

Kipozeo ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Fungua vifuniko vya pande mbili utazame ndani: vibomba vyembamba, na ukoko mweupe wa chumvi na chokaa, pengine na makombe. Vizibue kimoja kimoja kwa vijiti vya mishikaki. Msitumie waya wa chuma, hukwaruza shaba na kuitoboa. Ukoko ukiwa mgumu, loweka vibomba kwenye ndimu ya unga, gramu 100 kwa kila lita 1 ya maji ya moto. Povu litaonyesha chokaa inayeyuka; povu likikoma, suuza kwa maji mengi. Asidi ya kusafishia sakafu inakula haraka, pamoja na chuma chenyewe, na ikikutana na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe hutoa hewa ya sumu. Humohumo kuna kijiti cha zinki kinacholiwa na chumvi badala ya kipozeo. Kikibaki nusu, weka kipya. Ukikuta bolti yake tupu, ujue chumvi imeshaanza kula vibomba.

Kituo cha mwisho ni kiwiko cha eksozi, pale maji yanapokutana na moshi. Kutu na masizi hukifinya mwaka hadi mwaka, mpaka tundu la kupitisha moshi na maji linabaki kama la kidole gumba. Injini inakabwa, inatoa moshi mweusi, inakosa nguvu, inapata moto. Fungua bolti zake uone kwa macho. Kiwiko cha chuma kilichokaa miaka mingi bila kufunguliwa ni cha kushukiwa kwanza, hata kama nje kimepakwa rangi nzuri.

Upande wa maji ya ndani hauna mengi. Mkanda wa pampu ukiubonyeza kwa dole gumba katikati ya puli mbili ubonyee kama milimita 10. Kifuniko cha tangi la maji hayo kiwe na raba nzima na springi yenye nguvu, kwa sababu presha yake ndiyo inayozuia maji kuchemka kwenye nyuzi 100; kikilegea, maji yanamwagika ukidhani injini imekufa. Msijaze maji ya kisima cha pwani, yana chumvi na chokaa nyingi. Tumieni maji safi ya kuongezea betri, si asidi, nusu kwa nusu na kulanti (dawa ya kupozea injini). Na kabla ya kusema gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda) imeungua, fungua kifuniko injini ikiwa baridi, washa, ongeza mafuta kidogo: mapovu yasiyokoma yenye harufu ya moshi, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti chake, ndiyo ushahidi. Bila hayo, msifungue hedi.

Kuna chombo ambacho injini yake haina kosa lolote, kimeota majani na makombe mkukuni. Injini inasukuma mzigo usioonekana. Subirini bamvua (siku maji yanapokupwa sana), mkipweleze, mkikwangue, na mtazame na pangaboi kama halina nyuzi za nyavu. Msimu nao una mchango: kaskazi bahari huwa na joto zaidi kuliko kusi, kwa nyuzi kadhaa, na injini iliyokuwa ikipona kwa tabu mwezi wa saba huanza kuchemka mwezi wa pili. Wenye boti wanashangaa wakati hakuna kilichovunjika. Kipozeo kilikuwa kimeziba nusu tangu zamani.

Ikichemka mkiwa baharini, tazama eksozi kwanza. Maji yakiwa bado yanatoka, punguza mafuta mpaka mwendo wa chini, toa gia, acha injini izunguke ipoe. Maji yakiwa hayatoki, zima mara moja na tupa nanga kama kina kinaruhusu. Usifungue kifuniko cha tangi mpaka uweze kukiwekea kiganja, na hata hapo funika kwa kitambaa kinene ukizungushe robo, usikie pumzi ikitoka. Kumwagia injini ya moto maji ya bahari ni kuipasua hedi. Chuma cha moto hakikubali baridi ya ghafla, na kwa injini ya zamani hedi nyingine haipatikani kirahisi.

Tunawasihi wenye boti wawape mafundi siku nzima ya kufungua njia ya maji yote, badala ya saa moja ya kung'oa kitu na kuondoka. Injini ikiwa nzima, wekeni ndoo ya lita 10 chini ya eksozi, hesabuni sekunde inazochukua kujaa kwa mwendo mmoja wa injini mnaoujua, na mwandike namba hiyo kwa rangi ukutani mwa chumba cha injini. Siku sekunde zikiongezeka, mtajua maji yamepungua kabla mshale haujapanda. Na katika sanduku la chombo kusikosekane impela moja na gasketi yake, mkanda mmoja, na lita 5 za maji ya ndani.

Mafundi wa injini za boti,
Tanga